Ukuta watoa chumvi, sebule yachoma jioni: tuanzie wapi?

SWALI

Assalaam alaykum,

Mimi na mume wangu twakaa Tudor, na tumejenga nyumba ya shamba kule Kikambala, kama mita 400 kutoka ufuoni. Ni ghorofa moja ya kisasa yenye vyumba vitano vya kulala, paa bapa la slabu na kuta za mawe ya tumbawe za inchi 9. Sebule iko wazi hadi dari ya juu, mita 5.4. Upande wake wa magharibi wote ni kioo, mita 6 kwa mita 5.4, na kinachofunguka ni mlango mmoja tu wa kusukuma. Tulifanya hivyo kwa sababu huko ndiko kwenye minazi na bustani. Upande wa bahari kuna ujia na vyumba vya kulala.

Tulipaka rangi mwezi wa Februari. Masika yalipokwisha, kuta za chini zikaanza kutoa unga mweupe, na rangi ikavimba na kubanduka hadi usawa wa goti. Fundi alikwangua, akaosha, akapaka upya. Wiki sita baadaye hali ikawa ile ile. Maji yote ya ujenzi, hata ya zege, yalitoka kwenye kisima chetu, na maji hayo yana ladha ya chumvi. Sebule nayo haikaliki kuanzia saa tisa alasiri mpaka magharibi.

Mbunifu wetu wa ndani, anayefanya kazi zaidi Nairobi, ametuletea mchoro mzuri sana: dari za jipsamu nyumba nzima, marumaru nyeupe sakafuni na juu ya makabati ya jikoni, makabati ya kung'aa ya MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa), ngazi ya chuma nyeusi, sofa za mahameli ya kijivu na taa kubwa ya vioo ya kuning'inia. Mume wangu ataka viyoyozi kila chumba, viwili vya BTU 24,000 vikiwa sebuleni. Mavyaa wangu yeye ataka baraza na zidaka (matundu ya ukutani ya kuwekea vitu), lakini mbunifu asema hayo ni mambo ya kizamani.

Twataka kuhamia Disemba, na pesa zilizobaki hazitoshi kila kitu. Kipi kitangulie, na kipi tukiache bila nyumba kupoteza hadhi yake?

Mwenye nyumba, Tudor

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yetu.

Simamisha leo oda ya jipsamu na ya MDF. Kama malipo ya kwanza yamekwisha kutoka, omba yahamishiwe kazi nyingine. Nyumba yako bado ina maji ndani ya kuta, na kuna jambo moja kwenye barua yako ambalo latutia hofu kuliko rangi inayobanduka: maji ya kisima yaliyokorogewa zege.

Zege la maji ya chumvi huwa gumu kama jingine, na kwa miaka michache huoni kasoro yoyote. Anayeumia ni nondo. Kloraidi huvunja ule utando unaoikinga nondo ndani ya zege, kutu ikaanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege hupasuka kwa kuufuata mstari wa nondo na mwisho huanguka vipande vipande. Ukishafunika slabu kwa jipsamu hutaziona nyufa hizo mpaka siku dari itakapotota na kuning'inia. Kwa hiyo mtafute mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, si mkandarasi yule yule. Atoboe sehemu kadhaa za slabu na nguzo, achukue unga wa zege kwenye kina cha nondo, na upelekwe maabara kupimwa kloraidi. Kiwango kinachotumika sana kama mpaka ni asilimia 0.4 ya uzito wa simiti. Apime pia unene wa zege linalofunika nondo. Karibu na bahari twataka angalau milimita 40. Majibu yakiwa mazuri, endeleeni kwa moyo mweupe. Yakiwa mabaya, kuna njia za kuchelewesha kutu, na zote ni rahisi zaidi dari ikiwa wazi.

Mhandisi huyo akiridhika kwamba slabu yaweza kubeba, fanyeni jaribio la maji juu ya paa: zibeni mifereji, jazeni maji kina cha sentimita 5, yaacheni saa 48, kisha mtembee chini mkitazama kila kona na kila bomba linalopita kwenye slabu. Paa bapa linahitaji mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila sentimita 80, la sivyo mvua za Mei zitalala juu yake. Baada ya hapo wekeni tabaka la kuzuia maji, na juu yake rangi nyeupe ya kuakisi jua. Vyumba vya juu vitapoa hata kabla ya kununua feni moja.

Sasa kuta. Unga ule mweupe ni chumvi inayosafiri na maji. Maji hufika usoni mwa ukuta, hukauka, chumvi hubaki na kukua kuwa fuwele, na fuwele hizo ndizo zinazoisukuma rangi. Fundi alipoosha aliiyeyusha chumvi akairudisha ndani, ndiyo maana ilirejea baada ya wiki sita. Asidi ni mbaya zaidi, kwa sababu inakula tumbawe na chokaa vyote viwili.

Kukoma kwenye goti kwaonyesha kwamba maji yanapanda kutoka chini, lakini hakikisha. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani, ziba pande zote nne kwa utepe, ukiache saa 48. Jasho likiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Likiwa mbele, ni unyevu wa hewa. Kisha toka nje utazame. Udongo wa bustani au vigae vya kibarazani vikiwa vimepanda juu ya lile tabaka la nailoni la msingini, linalozuia maji ya ardhini kupanda, maji yanaliruka na kuingia ukutani. Na kama maua yaliyopandwa kando ya ukuta yanamwagiliwa maji ya kisima kile kile, basi mnaulisha ukuta chumvi kila jioni. Ondoeni udongo mpaka uwe sentimita 15 chini ya tabaka hilo, hamisheni maua mita moja kutoka ukutani, na mahali pake mwageni kokoto.

Ndani, ng'oeni plasta mpaka nusu mita juu ya alama ya juu kabisa ya chumvi. Kwangueni viungo vya mawe kwa kina cha sentimita 2, kisha muache ukuta uchi. Kila wiki pitisheni brashi kavu na mzoe unga wote; ukiachwa sakafuni utarudi. Plasta nzito na simiti huchukua kama mwezi mmoja kukauka kwa kila milimita 25, na ukuta wa inchi 9 ni milimita 225 hivi. Hata ukikauka pande zote mbili, Disemba ni mapema mno kwa kuta hizo, na vuli nayo iko njiani. Msimu wenu ni kaskazi, Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu kuliko miezi mingine.

Wakati huo rudisheni plasta ya chokaa, si ya simiti tupu: karai 1 la chokaa kwa makarai 3 ya mchanga uliooshwa, maji ya bomba au ya mvua, tabaka mbili za milimita 10 hadi 12. Mchanga wa ufuoni usikaribie. Kila tabaka lifunikwe gunia bichi siku 5 hadi 7, maana chokaa ikikaushwa na upepo hupasuka. Umaliziaji uwe niru (plasta laini ya chokaa) iliyosuguliwa vizuri, na rangi iwe ya chokaa au ya silikati, inayoruhusu ukuta kupumua. Rangi ya plastiki au ya mafuta itafunga maji ndani, na mtarudi pale pale. Na tuseme wazi: niru iliyosuguliwa na fundi hodari, yenye weupe wa maziwa na mng'ao mdogo wa hariri, ina heshima ambayo hakuna rangi ya kopo inayoifikia.

Tuje sebuleni. Kioo chako ni mita za mraba 32. Saa kumi alasiri jua liko nyuzi kama 30 tu juu ya upeo, likitazama kioo usoni, na joto linalopita hapo ni kilowati 10 na zaidi. Ni kama kuwasha pasi kumi za wati 1,000 na kuziacha katikati ya chumba. Kiyoyozi cha BTU 24,000 huondoa kilowati 7. Vile viwili anavyotaka bwana vitashinda vikipigana na dirisha, na bili italipwa na nyinyi. Pazia la ndani halisaidii sana, kwa kuwa jua likishapita kioo joto limekwisha ingia. Kivuli lazima kiwe nje.

Watu wengi hujibu hili kwa veranda peke yake. Ni nzuri, lakini piga hesabu. Ukingo wa veranda ukiwa mita 2.4 kutoka chini na kina chake mita 3, saa kumi kivuli kitashuka mita 1.7 na kuacha sentimita 70 za kioo juani. Saa kumi na moja kitashuka sentimita 80 tu. Na kioo kilicho juu ya veranda hakina kinga kabisa. Kwa hiyo sehemu ya juu, kuanzia mita 2.7, iwekeeni mbao za mvule zilizosimama wima, inchi 2 kwa 6, zikiachana sentimita 15 na kuelekezwa upande mmoja kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa kidogo. Sehemu ya chini ipate veranda ya mita 3, na kwenye ukingo wake mapazia ya mianzi ya kukunja, yanayoshushwa saa tisa unusu na kupandishwa jua likizama. Mivinje au miarobaini ikipandwa mita 8 hadi 10 upande huo itamaliza kazi baada ya miaka michache. Mnazi hautoshi, kivuli chake ni chembamba.

Hapo hapo badilisheni theluthi moja ya kioo iwe ya kufunguka, na muhimu zaidi ni safu ya juu kabisa. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki; kwenu zote zaingia kwa upande wa bahari. Upepo hauingii chumba ambacho hauna pa kutokea. Milango ya ujiani iwe na vipenyo vya hewa juu, na safu ile ya juu ya magharibi iwe tundu la kutokea, kubwa sawa na la kuingilia au zaidi. Joto linalopanda kwenye mita 5.4 litatoka lenyewe. Baada ya zege na kuta, hii ndiyo kazi ya kwanza ya kuilipia, kabla hujanunua hata mto mmoja wa sofa.

Fremu za alumini zipakwe rangi ya daraja la pwani, na skrubu ziwe za stenlesi 316. Ile 304 inayouzwa kila duka hushika madoa ya kahawia karibu na bahari, kwa sababu haina molibdeni. Itumie ndani tu, kwenye bawaba za makabati. Skrubu ya chuma cha kawaida kwenye alumini hula alumini yenyewe kuizunguka tundu.

Kwa viyoyozi, mwambie bwana hivi: vyumba vya kulala apate, sebule hapana. Chumba cha mita za mraba 16 chenye kivuli kinatosheka na BTU 12,000. Kiwekwe nyuzi 25 au 26 pamoja na pangaboi, si 18. Kwenye nyuzi 18 ukuta na kioo hupoa mno, unyevu wa nje hugeuka jasho upande wa pili, na kabati la nguo la ukuta wa jirani huota ukungu. Mitambo ya nje iwe na mapezi yaliyopakwa kinga ya chumvi, ikae kivulini, na imwagiwe maji matamu kila miezi mitatu. Sebuleni tundikeni pangaboi mbili za inchi 56 kwa fimbo ndefu, mabawa yakiwa mita 2.7 hadi 3 kutoka sakafuni. Pangaboi iliyobanwa kwenye dari ya mita 5.4 inawapunga mijusi tu.

Mchoro wa mbunifu wako si mbaya. Umechorwa kwa hewa nyingine. MDF huvimba ukingoni hapa, na ukishavimba haurudi. Makabati yawe ya plaiwudi ya baharini milimita 18, milango ya mvule au iliyobandikwa fomaika. Yasimame kwenye miguu ya sentimita 10 na yaache nafasi ya sentimita 2 nyuma. Mbao zote zikifika zilale ndani ya nyumba wiki tatu, zikitenganishwa kwa vijiti, kabla seremala hajazigusa. Mbao kavu ya bara ikija pwani hunywa unyevu mpaka asilimia 14 hivi, na mlango uliokatwa siku hiyo hiyo hautafunga mwezi ujao.

Marumaru nyeupe jikoni kwenye nyumba inayopika kwa ndimu na ukwaju ni majuto. Tindikali huila marumaru na kuacha mabaka yasiyong'aa, na hakuna sabuni inayoyatoa. Chukueni graniti nyeusi au ya kijivu, milimita 20. Sakafu ya ndani iwe terazo au vigae vya poseleni visivyong'aa, vikilazwa kwenye gundi iliyotandazwa kote. Fundi akiweka matonge matano chini ya kigae, muondoe siku hiyo hiyo. Verandani mawe ya Mazeras hayatelezi na hayachomi nyayo sana. Mahameli itaota ukungu, kwa hiyo chagueni kitani au pamba nzito yenye foronya za kuvua na kufua. Ngazi ya chuma yawezekana, mradi ichomelewe yote kwanza ndipo itumbukizwe kwenye zinki, kisha ipakwe rangi. Atakayechomelea baada ya zinki amefungua mlango wa kutu. Jipsamu muiweke bafuni na ujiani pekee, ile ya kijani ya kustahimili unyevu. Taa ya vioo iacheni. Kila kuisafisha kutataka jukwaa la mafundi.

Mavyaa wako ameona mbali. Zidaka hazichongwi kwenye ukuta wa inchi 9 bila kuudhoofisha, lakini mwaweza kujenga ukuta wa pili wa sentimita 20 mbele ya ukuta mmoja wa sebule, ule usio na dirisha. Matundu yawe na kina cha sentimita 15, makubwa katikati na madogo pembeni, yote yafunikwe niru, na taa ya mwanga wa manjano hafifu (Kelvini 2700) ifichwe juu ya kila safu. Ukuta mmoja tu. Ukizidisha, nyumba itafanana na hoteli. Vitu vyake viwe vichache: buli la shaba, sahani za kale, na nafasi tupu. Ukuta huo mtu akiingia ndio utakaomshika macho, na hautaki marumaru wala taa ya vioo kuusaidia.

Baraza nalo lijengwe verandani, urefu wote wa mita 6, kina sentimita 60. Mafundi hukosea kimo: hujenga sentimita 45, godoro likaja juu, na miguu ya mama mtu mzima ikabaki kuning'inia. Mawe yaishie sentimita 37, godoro la 8 liyafikishe 45. Vitambaa vya kikoi, mkeka wa ukindu chini, na mmeokoa bei ya seti nzima ya viti vya nje.

Disemba hamieni vyumba vya juu, ambako chumvi haijafika, kama mhandisi ameridhika. Julai na Agosti ziwe za vipimo vya zege, udongo wa nje na kung'oa plasta. Septemba mpaka Novemba, veranda, mbao za mvule na madirisha. Makabati yapimwe Novemba, yafungwe baada ya plasta ya Januari kukauka. Sofa za sebuleni ziagizwe mwisho kabisa, mkishaketi kwenye baraza jioni kadhaa za kaskazi na kujua upepo unapita wapi.